Siku 14 Khumbu na washkaji wa darasa la tatu: Base Camp sikufika, nyota nne nawapa

Nianze kabisa na hili msije mkasoma mpaka chini mkaniona mzushi: mi Base Camp ya Everest, ile kambi ya chini ya mlima kule Khumbu, Nepal, sikufika. Nilikomea Lobuche, mita 4,940, saa mbili usiku, nimeshikwa kwapani kama mtoto anayeanza kusimama dede, na kati yetu wanne waliofika ni wawili tu. Sasa ukiona mtu kalipia safari nzima, hakufika alikolipia kufika, na bado anakaa chini kuwasifia waliompeleka, ujue kuna jambo. Ndo hilo nataka kulieleza hapa. Malalamiko nnayo pia, tena ya kutosha, yatakuja.

Kampuni siitaji jina. Kuna mambo ya slipingi begi bado tunabishana nao kwenye imeli na sitaki ionekane nawabania hadharani. Ni kampuni ndogo ya wenyeji, ofisi iko Kathmandu, na safari yenyewe ni ile ile inayouzwa na kila mtu, siku 14 ukihesabu na siku mbili za kuzubaa mjini mwanzo na mwisho.

Kwanza mtujue sisi, manake huduma hii huwezi kuielewa kama hujui ni watu wa aina gani walikuwa wanahudumiwa. Tulikaa dawati moja darasa la tatu, dawati la watatu tumebanana wanne, na leo wote tumeshavuka hamsini. Kuna Bonge, ambaye siku hizi ndo mwembamba kuliko wote lakini jina halijapungua hata kilo moja. Kuna Profesa, hajawahi kumfundisha mtu kitu chochote. Kuna Dokta, huyu ni mhasibu, jina alilipata utotoni alipomfunga kuku bendeji ya mguu na kuku akafa vilevile. Na mimi, langu tuliache. Tulipofika arobaini tukaapa kila baada ya miaka miwili tunaaga nyumbani na kazini tunaenda kujitesa sehemu. Tumeshazunguka Mont Blanc kwa miguu, kilomita kama 170, unatokea Ufaransa unapita Italia unapita Uswisi unarudi ulikotoka na magoti yanalia kama mlango wa zamani. Tumeshatembea ile Laugavegur ya Iceland, kilomita 55, unavuka mito ya maji ya barafu suruali umeivaa shingoni. Tumeshapinduliwa na Zambezi.

Hiyo ya Zambezi niwape kidogo, manake ina uhusiano. Chini kule kwenye korongo, baada ya Victoria Falls, kabla hatujapanda boti la mpira, mwongozaji alitupanga mstari akauliza wote mnajua kuogelea? Wote tukajibu ndiyo. Bonge hajui kuogelea. Hajui mpaka leo. Sisi tunajua hajui, ye anajua tunajua, na bado kaitikia ndiyo kwa sauti ya juu kuliko wote, na hakuna hata mmoja wetu aliyefungua mdomo, na boti lilipopinduka alichomrudisha juu ni jaketi la kuelea na Mungu.

Ndo shida ya marafiki wa utotoni hiyo. Watu waliojuana miaka arobaini wanatukanana, wanakumbushana aibu, wanakopeshana bila kuandikishana, ila muulize mmoja mbele ya wenzake "kichwa kinakuuma?" utaambiwa niko freshi kabisa, manake anajua akisema ndiyo kesho ataitwa mjamzito na hilo jina litasomwa hadi kwenye msiba wake. Mtoni unaweza kubahatika. Kwenye mwinuko mrefu uongo huo unaua, na wala haukuui pale pale, unakupa siku mbili tatu za kujidanganya kwanza.

Haya, safari. Niseme mapema kuwa siku ya kwanza walizingua. Msimu wa wageni wengi, na sisi tulienda mwezi wa kumi, ndege nyingi za kwenda Lukla haziondokei Kathmandu, zinaondokea uwanja wa Manthali kule Ramechhap, na kufika huko ni saa nne au tano kwa gari. Hilo si kosa lao. Kosa lao ni kutuandikia "mtachukuliwa asubuhi" halafu dereva anagonga mlango saa saba usiku, tumelala saa mbili tu, na gari lenyewe dogo, mabegi tumeyapakata kama wali wa harusi. Dokta alitapika njiani, na kumbukeni hapo hata mlima hatujauona.

Lukla kwenyewe mnajua, uwanja umepewa majina ya Tenzing na Hillary, njia ya kurukia haifiki hata mita 530 na imelala kama kilima, juu ukuta, chini bonde. Profesa alikuwa dirishani anatuelezea inavyofanya kazi ile mteremko mpaka magurudumu yalipogusa chini, akanyamaza, nikagundua kanishika paja kwa nguvu zote.

Pale ndo tulikutana na mwongozaji wetu. Yeye ni Msherpa, na kwa wasiojua, Sherpa ni kabila, si cheo cha kubeba mizigo, hilo alitusahihisha kwa upole dakika ya tano tu. Washerpa wengi wanaitwa kwa siku waliyozaliwa na ye kazaliwa Ijumaa, sasa mtu aliyezaliwa Ijumaa sisi tutamwitaje zaidi ya Juma? Tukamweleza, akacheka sana, akaitika siku zote kumi na mbili. Alikuwa na msaidizi wake kijana, na wapagazi wawili, mmoja kwa kila wageni wawili. Nilipima mizigo mwenyewe pale Lukla maana hili jambo huwa linanikera, haikuzidi kilo 22 kwa mtu, na wote walikuwa na buti za maana na makoti ya maana, hakuna aliyevaa kandambili. Hapo pekee wanazidi nusu ya makampuni niliyoyaona njiani.

Usiku wa kwanza, Phakding, mita 2,610, Juma alitukusanya mezani akauliza nani anajisikiaje. Poa. Poa. Poa. Poa kabisa kaka. Akatuangalia mmoja mmoja, akaandika kitu kwenye kidaftari chake, akatutakia usiku mwema.

Usiku wa pili, Namche, hakuuliza mezani. Alimwita Dokta jikoni kwenye jiko "aje achague chai". Dakika kumi Dokta karudi. Akaitwa Bonge akatengeneze chupa ya maji ya moto. Akaitwa Profesa. Nikaitwa mimi. Na kule jikoni, mko wawili tu na mama wa loji anayekatakata vitunguu ambaye hajui lugha yenu, ndo anatoa maswali manne: kichwa, tumbo, uchovu, kizunguzungu, kila moja unajipa sifuri mpaka tatu. Ni kipimo kinajulikana, kinaitwa Lake Louise, ukiwa na kichwa kinachouma na jumla ikafika tatu basi ugonjwa wa mwinuko unao. Anakubana kidole na kale kamashine ka kupima oksijeni, anaandika, anafunga daftari. Kitakachosemwa jikoni hakirudi mezani. Nilimuuliza siku za mwisho akaniambia akipata kundi la watu wasiofahamiana anawauliza pamoja tu, wanasema kweli bila shida, hawana cha kupoteza. Wanaomnyima usingizi ni mtu na kaka yake, baba na mtoto wa kiume, na wazee kama sisi waliotoka shule moja.

Mi nishalipia waongozaji wa kila aina na sijawahi kuona mtu aliyelielewa hilo. Wengi wanapenda sana makundi ya marafiki, wanasema mnachangamsha. Huyu alituona sisi kama tatizo la kitabibu, akalitafutia dawa.

Na ilifanya kazi, sema si kwangu. Dokta alikiri usiku ule ule wa Namche kwamba kichwa kinamgonga, Juma akazungumza naye habari ya asetazolamaidi, dawa ya kusaidia mwili kuzoea mwinuko, ile inayouzwa kama Diamox, ambayo Dokta mwenyewe alikuja nayo kwenye begi kaandikiwa na daktari wake ila anaona aibu kuanza kuimeza mbele yetu. Akaanza nusu kidonge asubuhi na jioni. Ile dawa inakukojoza, na vidole vinakuwa na ganzi ganzi. Sisi tulimcheka siku tatu nzima anavyopishana na mlango wa choo usiku, tukamwita bomba, na wala hatukujua. Juma alikuwa anacheka na sisi. Hakumtaja.

Mi nilipoitwa jikoni nilisema sifuri, sifuri, sifuri, sifuri. Kichwa kilikuwa moja, pengine moja na nusu. Najua mnaniuliza kwa nini udanganye na wenzio hawapo. Sina jibu zuri. Nadhani nilishazoea kiasi kwamba hata nikiwa peke yangu wapo.

Kuhusu mpangilio wa siku, hawa jamaa wako vizuri. Hewa ya juu kule oksijeni ni asilimia 21 ile ile ya kila mahali, kinachopungua ni mgandamizo, kiasi kwamba ukifika Base Camp kwenye mita 5,364 kila pumzi unayovuta inakupa karibu nusu ya ya pwani. Mwili unaweza kuzoea ila unataka muda. Kanuni wanayoifuata waganga wa milimani ni kwamba ukishapita mita 3,000 usipandishe kitanda chako zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja, na kila siku tatu nne ulale tena palepale. Kutoka Phakding kwenda Namche unaruka mita 830 kwa mkupuo, kwa hiyo Namche tulilala siku mbili, mchana tukapandishwa mpaka hoteli ya Everest View kwenye 3,880 kunywa chai na kushuka. Dingboche, 4,410, siku mbili tena. Nimekutana na vijana njiani wamepewa ratiba ya siku kumi na moja ili iuzike kwa bei nzuri na siku zilizokatwa ni hizo hizo za kupumzika. Ukiona ratiba haina usiku wa pili Namche na usiku wa pili Dingboche achana nayo hata kama wanakupa koti la bure.

Loji ni loji. Kuta ni mbao nyembamba, Profesa anakoroma chumba cha tatu mnamsikia wote mpaka Wajerumani. Chakula kimejumuishwa na nilishiba, dali na wali wanakuongeza mpaka ukatae wewe. Ila hawakutuambia kwamba kuchaji simu, kuoga maji ya moto na intaneti ni pesa ya pembeni kila sehemu, na kila ukipanda bei nayo inapanda, kwa hiyo tulipofika juu rupia taslimu zilituishia tukaanza kumkopa Bonge, na kumkopa Bonge ni adhabu, anakukumbusha kwa wimbo. Andikeni hicho kwenye karatasi yenu ya maelezo jamani, ni sentensi moja.

Slipingi begi. Nilikodi kwao, wakasema inahimili baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri, na labda kweli ilihimili siku ilipotoka dukani. Yangu zipu ilikuwa imekufa kuanzia kiunoni kushuka chini. Niligundua Phakding, nikaripoti Phakding, nikaambiwa Namche itabadilishwa, Namche wakasema Dingboche, na hiyo Dingboche nilifika nikalala miguu imo ndani ya mikono ya koti. Hapo ndo nyota ya tano ilipoangukia.

Tengboche tulipita, monasteri nzuri, mawingu yalifunika kila kitu, sina la kusema.

Dingboche siku ya mapumziko Juma alituuliza kama tunataka kupanda kilima au kuvuka mgongo wa mlima twende Pheriche kwenye kliniki ya Himalayan Rescue Association. Hiyo kliniki ipo tangu 1973, madaktari wanakuja kujitolea msimu hadi msimu, na kwenye msimu wanatoa somo la ugonjwa wa mwinuko kwa yeyote anayetaka kukaa. Tukaenda. Mama daktari akaeleza pole pole: kichwa, kichefuchefu, kukosa hamu ya kula, halafu ukikaidi ubongo unavimba, mtu anaanza kuyumba kama mlevi, au mapafu yanajaa maji, anakohoa amekaa tu, na tiba ya kweli ni moja, kushuka. Nilikaa pale nikijihesabia dalili zangu kama mtu anayesomewa mashtaka. Jioni jikoni nikasema sifuri, moja, moja, sifuri. Nilikuwa nimetapika mchana nyuma ya ukuta wa mawe.

Sasa hapa ndo ninapotaka mnielewe. Kesho yake tulipanda Lobuche. Jioni Juma hakuniita jikoni. Alikuja kukaa karibu na mimi pale mezani, Profesa akawa ananichokoza kuhusu ile habari ya mtihani wa darasa la saba ambayo hunichokoza nayo kila mwaka na mi kila mwaka namrudishia na ya kwake ya suruali kuchanika paredi. Nikacheka tu kidogo, nikanyamaza. Juma hajui Kiswahili hata neno ukiacha poa na kaka. Lakini alikuwa ametusikiliza siku saba, anajua sauti ikitoka upande wa Profesa lazima itarudi kutoka upande wangu, na safari hii haikurudi. Akasimama akaniambia njoo nje ya mlango. Akanionyesha ufa wa mbao kwenye sakafu ya kibaraza, tembea hapo, kisigino mbele ya vidole, hatua kumi. Nilikwenda tatu. Ya nne niliikanyaga hewani nikadondokea ukutani.

Alisema tunashuka. Nikamwambia sawa asubuhi mapema. Akasema hapana, sasa hivi, vaa buti.

Wale wengine kusikia wakaanza kuvaa buti wote, manake kiapo chetu ni kwamba tukienda wanne tunarudi wanne, na Profesa akaanza hotuba. Kuna kelele zilipigwa pale. Dokta analia, sijui kwa mwinuko au kwa huruma. Juma akawasikiliza mpaka mwisho halafu akasema kwa Kiingereza chake kifupi kwamba mgonjwa ni mmoja, tochi ni chache, na watu wanne usiku kwenye mawe ni wagonjwa wanne. Akagawa: yeye mwenyewe na mpagazi mmoja wanashuka na mimi, msaidizi abaki na watakaoendelea. Hili nalo liangalieni mnapotafuta kampuni. Sehemu nyingi mgonjwa anashushwa na mpagazi, mkuu anabaki na wale watakaopiga picha. Hapa mkuu alimfuata mgonjwa. Na inawezekana tu kwa sababu kuna waongozaji wawili kwa watu wanne, kampuni yenye mmoja ingebidi ichague nani aachwe.

Bonge hakupiga kelele. Alikuwa ameshafunga kamba, kasimama mlangoni na tochi kichwani, akasema mi nashuka naye na sitaki kura. Juma alimwangalia, nadhani alifungua daftari, akasema sawa.

Nilipewa vidonge vya deksamethasoni, vya kupunguza uvimbe wa ubongo, tukaanza kushuka, kutoka 4,940 mpaka 4,371. Mtu asiyeumwa anateremka kwa saa mbili na nusu, sisi tulitumia zaidi ya nne. Kuna sehemu njia inapita kwenye pasi ya Thukla, yaani upenyo wa juu kati ya milima, penye minara ya mawe ya kuwakumbuka waliokufa Everest, mingi, na vitambaa vya sala vinapiga kelele kwenye upepo, na mwanga wa tochi unagonga mnara mmoja baada ya mwingine. Bonge akaniambia usiangalie kulia. Nikaangalia kulia. Akaanza kuimba ule wimbo wake wa madeni, tangu juu mpaka chini, jumla na riba, na nakumbuka nikiwa nusu nasinzia nilimwambia hiyo hesabu ya Namche umeiongeza, akasema ah, afadhali, amerudi.

Tulifika Pheriche usiku mkubwa, wakanipa oksijeni mpaka asubuhi. Niongeze kitu: hakuna mtu aliyetaja helikopta usiku ule. Mwaka 2018 serikali ya Nepal ilichunguza ikakuta kuna mchezo wa bima, mtalii anaumwa kichwa kidogo anatishwa apande helikopta ili kampuni na wenzao wagawane malipo. Juma alisema kliniki iamue asubuhi, daktari asubuhi akanitembeza tena kwenye mstari, nikafika kumi, akasema pumzika hapa, kupanda tena marufuku, utashuka kwa miguu yako. Nikashuka kwa miguu yangu. Bima nilikuwa nayo inayofika mpaka mita 6,000 na sikuigusa zaidi ya malipo ya kliniki, ila msiende bila hiyo, nyingi za kawaida zinakatika kwenye 3,000 au 4,000 na maandishi yake ni madogo.

Siku mbili Pheriche tulicheza karata, Juma akatushinda zote. Profesa na Dokta walikwenda Gorak Shep, penye loji za mwisho, wakafika Base Camp, na alfajiri wakapanda Kala Patthar, kilima cha jirani. Kwa mnaokwenda: Base Camp kwenyewe kilele cha Everest hakionekani, kimezibwa na mabega ya milima ya mbele, picha nyingi zile mnazoziona za kilele zinapigwa Kala Patthar, juu ya mita 5,500. Kama nguvu imebaki ya sehemu moja tu, nendeni Kala Patthar. Washkaji walirudi na picha kwenye lile jiwe la Base Camp wameshika taulo langu na soksi moja ya Bonge, ili tuwe wanne. Hilo taulo nilikuwa nalitafuta siku mbili.

Miezi miwili baada ya kurudi, Bonge akakiri. Usiku ule wa Lobuche jikoni alikuwa amejipa jumla ya tano, kichwa kinapasuka, na Juma alishamwambia kesho hapandi. Kusimama kwake mlangoni na tochi kishujaa, kumbe nilimpa kisingizio cha heshima. Juma alijua na akamwachia. Mpaka leo Profesa anadhani ni upendo, nami simwambii, na yeye huwa hasomi maandishi marefu kwa hiyo hapa pako salama.

Lingine la kulalamika: siku tatu ambazo Bonge hakutumia, loji na vyakula vya juu, tuliomba walau kidogo kirudi, wakajibu mkataba hauruhusu. Na kweli hauruhusu, niliusoma baadaye. Someni kabla. Pia kibali cha hifadhi ya Sagarmatha, rupia 3,000 za Nepal kwa mgeni, wao walikijumuisha kwenye bei, ila kuna wanaokuja kukudai tena getini Monjo, kwa hiyo ulizeni.

Nani awatumie hawa? Kama unataka upweke usiende njia hii kabisa mwezi wa kumi, ni foleni ya watu na yaki, wale ng'ombe wa manyoya wanaobeba mizigo. Kama mko vijana wawili mnaojiweza, mtaona mnaulizwa ulizwa sana. Ila kama ni kundi la wanaume wa siku nyingi, mna majina ya utani, mna mtu wenu asiyejua kuogelea, waandikieni na muombe kabisa mwongozaji anayeuliza mmoja mmoja, wanamjua ni nani. Safari ijayo tunaangalia Patagonia, hifadhi ya Torres del Paine kule Chile, ambako mwinuko si tatizo ni upepo tu, na nimeshasema kwenye grupu kwamba kila jioni mtu ataitwa pembeni. Wamenitukana wote. Dokta akanitumia ujumbe wa pembeni, "sawa."

Kuhusu zipu: wameniandikia juzi kwamba suala langu wamelipokea na linachunguzwa. Zipu jamani.